Barua za Wasomaji: Kabati, Kuta na Bustani kwa Fedha Kidogo

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu mwenye kipato cha kawaida afanyeje ili avae vizuri, aishi katika nyumba ya kupendeza na awe na kijani kidogo uani bila kuingia katika madeni. Nimechagua barua sita. Majibu yangu yote yameegemea hoja moja, nayo ni kwamba bei anayoitaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Nauli, ujira wa fundi, sabuni, na hata nafasi inayochukuliwa kabatini na nguo isiyovaliwa, vyote hulipiwa na mnunuzi baada ya kuondoka sokoni.

*Nimeajiriwa hivi karibuni katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, na ninatakiwa kuvaa nguo za heshima kila siku. Mshahara wangu wa kwanza umeishia kwenye kodi ya chumba. Wenzangu wananishauri niende Karume au Manzese, lakini kila nikienda hurudi na nguo ambazo mwishowe sizivai. Nifanyeje? (Msomaji wa Kinondoni)*

Dada yangu, inaelekea unakwenda sokoni kutafuta bei, wakati ulipaswa kwenda kutafuta nguo fulani. Kabla hujapanda daladala, toa nguo zako zote, zipange kitandani, kisha uandike ni kitu gani kinachokosekana ili hizo ulizo nazo ziweze kuvaliwa pamoja. Mwenye sketi tatu nyeusi na blauzi moja hana haja ya sketi ya nne, hata akiuziwa kwa bei ya chai na chapati.

Soko la mitumba lina utaratibu wake, na anayeujua hununua vizuri zaidi. Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45, na mfanyabiashara hulinunua likiwa limefungwa, bila kuona kilichomo ndani. Ndiyo sababu bei huwa ya juu belo linapofunguliwa, kwa kuwa zile nguo chache bora ndizo zinazotegemewa kurudisha fedha zake. Wenye maduka hufika mapema na kuondoka na gredi ya kwanza, ambayo wenzetu wa Gikomba, Nairobi, huiita kamera. Zinazobaki hushuka bei kadiri siku zinavyokwenda, mpaka zinamwagwa juu ya turubai na kuuzwa zote kwa bei moja. Koti la ofisi, ambalo utalivaa kwa miaka kadhaa, lifuate siku ya kufungua belo na ulipe kinachostahili. Blauzi za kuvaa ndani ya koti zinaweza kusubiri turubai.

Katika kukagua, anza na mabega. Fundi wako wa mtaani anaweza kubana ubavu, kupunguza urefu wa mikono na kupandisha pindo kwa ujira mdogo, lakini koti lililozidi mabegani humlazimu kulifumua karibu lote, na hapo ujira wake unaweza kupita bei ya koti lenyewe. Suruali igeuze ndani nje, utazame kama mshono wa nyuma una kitambaa cha ziada kilichokunjwa, kwa sababu suruali yenye akiba hiyo inaweza kuongezwa kiuno, na isiyo nayo haiongezeki. Inyanyue nguo uitazame kwenye mwanga wa jua, hasa magotini, mapajani na kwenye viwiko, mahali ambapo kitambaa huchakaa kwanza. Fungua na kufunga zipu zaidi ya mara moja. Soma lebo pia, kwa maana pamba na kitani huvumilia joto la Dar es Salaam kuliko poliesta, na nguo ya sufu inayouzwa kwa bei ya kutupa itakufaa tu ikiwa una safari ya Njombe au Mbeya mwezi Juni au Julai.

Madoa ya manjano kwenye makwapa ya shati jeupe ni sababu ya kuliacha, ama ya kudai lipunguzwe bei sana. Wengi hukimbilia kuyamwagia jiki, na mara nyingi jiki hiyo huyazidisha umanjano. Kuhusu kupatana, nenda mapema, kwani wauzaji wengi hawapendi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu, na usianze kutaja bei kabla hujamaliza kukagua, maana kasoro unayoigundua baada ya kukubaliana haina thamani tena. Nguo za ndani usinunue kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na kuziona zikining'inia sokoni hakuzifanyi ziwe halali wala salama.

Nguo zote unazonunua ziloweke na uzifue peke yake kabla hazijakutana na nyingine kabatini, uzianike juani, kisha uzipige pasi ya moto kwa kadiri kitambaa kinavyostahimili.

*Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kigali. Huku mitumba si rahisi kama nyumbani. Je, kuna njia nyingine ya kubadilisha mavazi bila gharama kubwa? (Msomaji wa Kigali)*

Ndugu yangu, hali unayoiona ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipanga kupunguza hatua kwa hatua uagizaji wa nguo zilizotumika, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Majirani walilegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, hata Marekani ilipoziondolea nguo zake nafuu ya kuingia nchini humo bila ushuru mwaka 2018. Kwa hiyo usitazamie bei za Karume.

Lakini unao mafundi wa soko la Kimironko, na hao ndio wa kutegemea. Wapelekee nguo ulizo nazo: gauni lililopitwa na wakati liwe sketi, shati la mikono mirefu lililochakaa viwiko liwe la mikono mifupi, kola iliyolika ifumuliwe na kugeuzwa upande wa pili. Kugeuza kola kulikuwa jambo la kawaida kwa mafundi wa zamani, na sioni kwa nini tuliliacha. Ukitaka kipya, nunua kitenge cha pamba halisi badala ya kile cha poliesta kinachong'aa dukani, ukiloweke na kukikausha kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hurudi, na gauni lililoshonwa kwa kitambaa kisicholowekwa huanza kubana baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

*Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Kila mwaka tunapaka rangi sebuleni, na kila mwaka inabanduka kutoka chini hadi kimo cha kiuno. Mafundi wanasema tupige plasta upya kwa saruji. Mimi ni mstaafu, na gharama hii inanielemea. (Mzee wa Mji Mkongwe)*

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Naomba usilipe plasta ya saruji, kwa sababu inaelekea saruji ndiyo iliyoanzisha maradhi hayo. Nyumba za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Kuta za namna hiyo hufyonza unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi yake, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa ambayo ina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Saruji na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hujikusanya nyuma ya plasta, chumvi huganda na kutanuka, na rangi huinuka na kumong'onyoka, mara nyingi hadi kimo kile kile ulichokieleza. Ukiongeza saruji, unyevu utapanda juu zaidi kutafuta mahali pa kutokea, na mwakani rangi itabanduka kimo cha kifua.

Kazi inayofaa ina gharama ndogo ya vifaa na gharama kubwa ya subira. Kwanza tafuta unyevu unakotoka: bomba linalovuja, mfereji wa paa uliovunjika, au sakafu ya nje iliyoinuliwa kuliko ya ndani, kwa sababu pasipo kuziba chanzo hicho hakuna plasta itakayodumu. Kisha saruji na rangi ya mafuta vibanduliwe mpaka kwenye jiwe, na ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana katika miezi ya kiangazi. Chumvi inayojitokeza kama unga mweupe ifagiliwe ikiwa kavu. Kuioshea kwa maji ni kuirudisha ndani. Baada ya hapo ndipo hupigwa plasta ya chokaa na mchanga, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, kila moja ikipewa muda wa kukaza.

Rangi ya mwisho iwe chokaa pia. Chokaa iliyolowekwa kwa muda mrefu huchujwa na kuzimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ukuta hunyunyiziwa maji kwanza, na hupakwa mikono kadhaa myepesi badala ya mmoja mzito, kwani mkono mzito hupasuka na kudondoka. Inapopakwa huonekana kama maji tu, na weupe wake hujitokeza inapokauka, kwa hiyo msimlaumu fundi siku ya kwanza. Mkipenda rangi ya udongo au ya manjano hafifu, changanyeni rangi ya unga ya madini inayostahimili chokaa. Mpakaji avae miwani na glavu, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, na watoto wasisogee.

Mambo mawili ya kuongeza. Mafundi vijana wengi wamefunzwa saruji peke yake, hivyo muulize fundi akuonyeshe ukuta aliowahi kuupiga chokaa. Pia, kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kabla ya kugusa kuta za nje wasiliana na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kuvunja na kurudia kazi kwa sababu ya kukosa kibali ni hasara kuliko zote nilizozitaja.

*Nimehamia chumba na sebule Mwanza, sina samani zaidi ya godoro. Naweza kupata vitu vilivyotumika vya bei nafuu bila kubebeshwa vibovu? Na madirisha niyafunike kwa nini? (Kijana wa Nyegezi)*

Kijana wangu, samani nzuri zilizotumika hupatikana kwa watu wanaohama, na wanaohama kwa haraka zaidi ni watumishi wanaopewa uhamisho na wageni wanaomaliza mikataba yao. Waulize walinzi na wenye nyumba za kupanga katika mtaa wako, kwa maana wao hujua nani anaondoka kabla tangazo halijabandikwa popote. Kabla ya kukubaliana bei ya meza au kabati, uliza kirikuu itadai kiasi gani kuifikisha kwako, na ujumlishe.

Tafuta mbao za kweli: mninga, mvule, mkongo au tiki, hata kama vanishi imechakaa na mguu unalegea. Mguu uliolegea hukazwa kwa gundi na kabari, na vanishi huondolewa kwa msasa wa namba 120, ukafuatiwa na wa 240, kisha hupakwa upya kwa mikono myembamba. Kabati la mbao za kusagwa na kugandishwa, ambalo likilowa huvimba kama mkate, usilinunue hata likipendeza kwa macho, halirekebishiki. Pindua kila kitu uangalie chini. Unga laini wa mbao na vitundu vidogo ni dalili ya wadudu, na njia za udongo ni dalili ya mchwa.

Makochi yaliyotumika yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya kunguni. Vuta mishono, inua mito, na utazame pembeni kwa tochi ya simu. Madoa madogo meusi kama ncha za kalamu yanatosha kukufanya uage kwa heshima na kuondoka. Godoro lililotumika usilinunue kwa bei yoyote.

Kwa madirisha, kanga zinatosha. Kanga moja ina upana wa takriban mita moja na nusu na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, kwa hiyo dirisha fupi litapokea kanga jinsi ilivyo, na dirisha refu litataka uisimamishe, ingawa hapo jina la kanga litasimama nalo na wageni watalazimika kuinamisha shingo ili walisome. Nunua doti, kata katikati, na upate pazia la pande mbili lenye pindo lake tayari. Jua hupausha rangi za kanga upesi, hivyo shona shuka kuukuu nyuma yake. Kuta za mwenye nyumba usizipake rangi kwa fedha yako kabla hamjakubaliana kwa maandishi kwamba gharama itakatwa kwenye kodi.

*Tunakaa familia nne katika nyumba moja Magomeni, na ua wetu ni wa sakafu. Ninatamani maua na mboga kidogo, lakini miche ya kando ya barabara ni ghali na sina udongo. (Mama wa watoto wawili)*

Mama, miche mingi unayoitafuta tayari unainunua kila wiki kwa jina la mboga. Matembele yanayouzwa kwa fungu yana mashina. Ukishatoa majani, kata mashina yaliyokomaa yenye vifundo kadhaa, yazike nusu kwenye udongo wenye unyevu, nayo yatachipua. Mnanaa hutoa mizizi ukiwekwa kwenye glasi ya maji, na mchaichai vilevile ikiwa shina limeachiwa kitako chake. Kitunguu cha majani kilichokatwa juu ya mizizi huota tena. Mrehani, ambao kwa harufu yake ningeupanda hata kama hauliwi, hukubali kikonyo. Kwa maua, ombeni vikonyo vya bogenvilia, krotoni na asumini kwa majirani masika yanapoanza, mwezi Machi au Aprili, kwa kuwa wakati huo watu hupogoa na kutupa.

Badala ya vyungu tumia viroba na magunia. Changanya udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Unapojaza gunia, simamisha katikati debe lisilo na kitako au bomba pana lililojazwa kokoto, ulivute juu kidogo kidogo kadiri udongo unavyopanda, ili nguzo ya kokoto ibaki ndani na kupeleka maji mpaka chini. Kisha toboa ubavuni na upande spinachi au sukuma wiki katika matundu, na mchicha juu. Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu au nne. Maganda ya mboga na majani makavu yawekwe kwenye ndoo iliyotoboka, yageuzwe mara kwa mara, na baada ya miezi michache mtakuwa na mboji bila kununua mfuko hata mmoja.

Makopo yaliyokuwa na rangi, mafuta ya injini au dawa ya wadudu yasipandwe chakula kamwe, hata yakioshwa, yapewe maua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia kila kitu, lakini ya sabuni yaende kwenye maua peke yake, na yenye jiki yasimwagwe kwenye mmea wowote. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila baada ya siku mbili tatu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika maji safi yaliyotuama kama hayo, tena karibu kabisa na watu. Kwa kuwa ua ni wa familia nne, kubalianeni mapema nani anamwagilia na nani anachuma, kabla mchicha haujawa kesi ya mjumbe.

*Je, kununua cherehani iliyotumika ni busara kwa mtu asiye fundi? (Msomaji wa Tanga)*

Ni busara ikiwa utashona pindo, mapazia na viraka vya nyumbani, ambavyo mtu hujifunza kwa majuma machache. Nunua ya mkono au ya miguu, ya chuma, ya aina ambayo fundi wa mtaani kwako anaifahamu na vipuri vyake vinauzwa mjini. Ya umeme yenye sehemu za plastiki, ikiharibika, mara nyingi hukosa wa kuitengeneza. Nenda na kitambaa chako, chepesi na kizito, pamoja na uzi wako mwenyewe, kwa sababu muuzaji atakuonyesha kitambaa ambacho mashine yake imekwisha kukizoea. Shona tabaka mbili, kisha nne, halafu utazame mshono pande zote mbili: uzi wa chini usivutike juu, wala wa juu usilegee chini. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Likikwama mahali pale pale kila mzunguko, huenda kuna jino lililolika au mhimili uliopinda, na hilo si la kusafishwa kwa mafuta. Hakikisha bobini na kisanduku chake vimo ndani kabla hujalipa.